Waziri Wangu Kawa Don Quixote, Watu Wakampenda: Nimekosea Wapi?

Swali: Mimi huchora katuni ya siasa kila wiki. Nimekua na vitabu vya kale vyenye michoro ya wino, na hamu yangu ni kuwachora wanasiasa wakiwa wahusika wa vitabu hivyo, kwa mistari ile ile ya zamani. Hivi karibuni nilimchora waziri aliyemwaga fedha za umma kwenye mradi usio na kichwa wala miguu. Nilimfanya Don Quixote, yule mzee wa riwaya ya Kihispania, yuko juu ya farasi, anavishambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Nikaona nimempata barabara. Wasomaji wakasema "picha nzuri", basi. Msaidizi wa waziri akaomba nakala aitundike ofisini. Nimekosea wapi? Na je, kuiga michoro ya wakongwe si wizi?

Jibu: Mkono wako hauna tatizo, ndugu yangu. Kilichokuangusha ni kuazima hadithi bila kuiuliza inamhukumu nani. Don Quixote ni mzee aliyevurugwa akili na hekaya za mashujaa, lakini moyo wake ni safi. Tangu sehemu ya kwanza ya kitabu itoke mwaka 1605, wasomaji wamekuwa wakimcheka na kumpenda kwa pamoja, na kadiri karne zilivyopita mapenzi yamekizidi kicheko. Michoro ya Mfaransa Gustave Doré ya mwaka 1863, ambayo nadhani ndiyo uliyoifuata, imemtukuza zaidi: mrefu, mwembamba, mkuki juu, mbingu pana nyuma yake. Ukimvika waziri umbo hilo unamwambia msomaji kwamba bwana huyu ana ndoto kubwa ila dunia haimwelewi. Tena kitabuni hakuna anayefilisika kwa sababu ya vile vinu. Wanaorushwa chini na kuumia ni mzee mwenyewe na farasi wake. Wewe ulitaka kusema fedha zetu zimeliwa, picha yako ikasema maskini, anajitahidi. Msaidizi aliisoma picha vizuri kuliko wewe uliyeichora.

Hadithi ya kuazima huja na hukumu yake. Inakuja na mwenye nguvu na mnyonge wake, na mwisho ambao msomaji anaujua hata kama hukuuchora. Hukumu hiyo ikielekea upande mmoja na hoja yako, nusu ya kazi imekwisha kufanywa na mtu aliyekufa zamani. Ikielekea kwingine, hata uchore kwa ustadi wa namna gani, picha itakukana mbele za watu.

Mtazame James Gillray, mchoraji wa katuni wa Uingereza. Mwaka 1803 Waingereza walikuwa na hofu ya kuvamiwa na Napoleon. Gillray akakiendea kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, mahali msafiri Gulliver anapofika Brobdingnag, nchi ya majitu. Akamchora mfalme George wa Tatu kuwa mfalme wa majitu, amevaa sare za kijeshi, ameunyoosha mkono, na kiganjani amesimama Napoleon mdogo kabisa na upanga wake, akijitutumua. Mfalme anamchungulia kwa darubini. Wapo wawili tu na mandhari karibu hakuna. Tofauti ya ukubwa ndiyo hoja nzima.

Sasa rudi kitabuni. Gulliver ni Mwingereza. Anamsimulia mfalme sifa za nchi yake, na mfalme, baada ya kumsikiliza na kumhoji, anahitimisha kwamba watu wa Gulliver ni vidudu vibaya kuliko vyote vinavyotambaa juu ya ardhi. Swift alikuwa anawasema watu wa nyumbani kwake. Gillray akaichukua hukumu ile ile, akaigeuza mdomo, akambandika adui. Msomaji wa London aliyekijua kitabu aliyasikia maneno ya mfalme kabla hajayasoma kwenye picha. Asiyekijua aliona jitu linamchunguza kijitu chenye majivuno, na hilo pia lilimtosha. Ule ufupi ukamganda Napoleon hadi leo, ingawa hakuwa mfupi kuliko wanaume wengi wa wakati wake.

Katika mfano huo, kwangu mimi, kipimo cha kwanza ni huyo asiyesoma kitabu. Picha isimame kwa miguu yake machoni pake, na kwa aliyesoma iongeze ukali. Katuni inayohitaji maelezo ya nani ni nani katika riwaya ya kurasa mia nane imeshakufa.

Huenda utanipinga kwa kumtaja Honoré Daumier, mchoraji wa Ufaransa. Desemba 1831 alimchora mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa akiwa Gargantua, jitu la riwaya za Rabelais, ameketi kwenye kiti, ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na vibarua wanaupanda wamebeba vikapu vya fedha za watu maskini kwenda kuvimwaga kooni. Chini ya kiti zinadondoka nishani na vyeo, wakubwa wanaviokota. Lakini Gargantua wa kitabuni si mwovu, na mwishowe ni mfalme mwema! Mbona picha ile ilichoma hata Daumier akahukumiwa kifungo cha miezi sita? Ni kwa sababu watu hawakumbuki kitabu kizima. Walichokibakiza vichwani kuhusu Gargantua ni ulaji wake, na Daumier akachukua tumbo peke yake. Kwa hiyo hukumu ninayoizungumzia ni ile iliyobaki kwenye kumbukumbu ya wasomaji wako, hata kama wahakiki wanakisoma kitabu hicho vingine kabisa. Kwa Don Quixote wako, kilichobaki kwenye kumbukumbu ni huruma.

Nikupe mfano wa namna ninavyoitafuta hadithi. Tuseme kiongozi wa nchi amefanya panga pangua ya baraza la mawaziri. Sura ni zile zile, viti ndivyo vimebadilishwa. Mchoraji mwenye haraka atachora karata zinachanganywa, na msomaji ameshaona picha hiyo mara nyingi hadi haioni tena. Mimi ningekwenda kwenye karamu ya chai katika hadithi ya mwaka 1865 ya Alice, msichana aliyeingia nchi ya maajabu. Wengi wanakumbuka kwamba pale mezani wamekaa vichaa. Wachache wanakumbuka jambo dogo linalofuata. Kwa hao wanywaji saa ni ya chai daima, hawana nafasi ya kuosha vyombo, kwa hiyo kila vikichafuka wanasogea kiti kimoja mbele. Mtengeneza kofia anasema anataka kikombe safi, anasogea. Kipanya msinziaji anamfuata, sungura anakaa pa kipanya, na Alice, kwa shingo upande, anakaa palipokuwa na sungura, ambaye ndiyo kwanza amemwaga maziwa kwenye sahani yake. Mwandishi anasema wazi kwamba aliyefaidika na mabadiliko hayo ni mtengeneza kofia peke yake.

Umeona? Hapo mabadiliko ya baraza yameshaandikwa yote. Kiongozi ni mtengeneza kofia, mbele yake kikombe kinang'aa. Waziri mmoja amelala, mwingine ana majani kichwani kama sungura yule. Alice ni mwananchi, na mbele yake imewekwa sahani iliyojaa maziwa yaliyomwagika. Michoro ya John Tenniel, aliyekichorea kitabu hicho, inakupa hata mahali pa kuandika: kofia ile ndefu ina kikaratasi cha bei. Andika neno moja hapo, na usiandike kitu kingine popote. Alice usimkunjishe uso kwa hasira. Mwache aitazame sahani tu, msomaji atakasirika kwa niaba yake.

Hili la kuzama hadi kwenye tukio dogo nalisisitiza sana. Mfalme asiye na nguo, pua ya Pinocchio, Gulliver aliyefungwa kamba ufukweni: picha hizi zimechoka, na baadhi zinadanganya. Gulliver aliyefungwa ni mtu mkubwa asiye na hatia aliyekamatwa na wadogo wengi, kwa hiyo ukimchora rais hivyo unamwonea huruma. Na katika ile ya mfalme, wachoraji na waandishi hupenda kujiweka kuwa yule mtoto msema kweli, jambo ambalo msomaji hulihisi mara moja na kulichukia. Vitabu hivyo hivyo vina vyumba vingine ambavyo havijaguswa. Katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kila mtu huwakimbilia wachawi watatu na chungu chao, na Gillray mwenyewe aliwatumia mwaka 1791. Lakini ipo ile karamu ambapo mzimu wa Banquo, mshirika ambaye Macbeth ameagiza auawe, umekalia kiti na anayeuona ni Macbeth tu, wageni wengine wanashangaa bwana wao anapigia kelele kiti kitupu. Kiongozi aliyemtosa mshirika wake na bado anamwona kila kikao anakaa vizuri kabisa hapo.

Halafu chagua hadithi ambayo wasomaji wako wanayo kweli. Fasihi ya kale si ya Ulaya peke yake, na kwa msomaji wa Kiswahili kisa cha Abunuwasi na sufuria kitapenya haraka kuliko nusu ya Shakespeare. Aliazima sufuria, akairudisha na ndogo ndani yake, akasema imezaa. Mwenyewe akafurahi, hakuuliza sufuria inazaaje. Safari ya pili Abunuwasi hakuirudisha, akasema imekufa. Kwa katuni ya watu walioweka akiba zao kwa tapeli anayelindwa na wakubwa, au ya mikopo yenye faida isiyoelezeka, sijui kisa kilichokaa sawa kuliko hicho, kwa sababu kinamhukumu tapeli na kinamgusa pia aliyeshangilia kuzaa. Hukumu ya pande mbili ni ngumu kuitengeneza mwenyewe. Humo imo tayari.

Ngano za wanyama zina nguvu hiyo hiyo, na wakati mwingine huzidi alivyotarajia mchoraji. Novemba 1874, huko Marekani, mchoraji Thomas Nast alichukua ngano ya Aesop ya punda aliyevaa ngozi ya simba akatishia wanyama wa porini. Punda wake alikuwa gazeti lililoeneza hofu kwamba rais Grant anataka muhula wa tatu. Miongoni mwa wanyama waliotaharuki alikuwamo tembo mkubwa, amepewa jina la kura za chama cha Republican, anayumba ukingoni mwa shimo. Hofu ya muhula wa tatu ikapita, ngano ikasahauliwa, tembo akabaki kuwa nembo ya chama kile hadi leo. Nast hakuwa anakisifu chama. Tembo wake alikuwa mkubwa, mwoga na mzito wa kufikiri.

Sasa niseme kuhusu mistari, maana naona ndiyo iliyokuvutia kwanza. Fahamu kwamba mistari unayoipenda kwenye vitabu vya Alice si ya kalamu. Tenniel alichora kwa penseli juu ya kipande cha mbao, kisha mafundi wa nyumba ya Dalziel wakachonga mbao pembeni mwa kila mstari hadi mstari ukasimama peke yake, tayari kupakwa wino. Ndiyo maana una makali yale, na ndiyo maana hakuna mstari uliopita ovyo: kila mmoja mtu aliutolea jasho. Ukitaka sura hiyo kwa kalamu, tumia nibu laini inayonenepa ukiikandamiza, na vivuli vifuate umbo la kitu. Kwenye shavu vizunguke na shavu, kwenye koti vishuke na mkunjo. Vivuli vinavyokatana weka mahali pamoja tu katika picha nzima, pale unapotaka jicho lisimame. Wanaoanza hujaza kila pembe wakidhani wingi wa mistari ndio ukale, na matokeo yake ni ukungu wa kijivu ambamo uso wa mwanasiasa unapotea. Kwenye michoro ya Tenniel tafuta sehemu nyeupe. Utashangaa ni nyingi kiasi gani.

Doré ni habari nyingine. Giza lake lilitokana na mafundi waliochonga mistari myeupe ndani ya weusi, kwa hiyo ukimfuata kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe utachoka na hutamfikia. Paka weusi kwanza kwa brashi, kisha toa mwanga kwa wino mweupe au kwa kukwaruza. Kwenye kompyuta chora kwa nyeupe juu ya tabaka jeusi. Kwa katuni ya wiki, mimi hukopa kwake mpangilio na mwelekeo wa nuru tu, mistari naiacha.

Chora mara mbili ya ukubwa utakaochapishwa, kisha ipunguze picha hadi itoshe kiganjani uitazame, kwa kuwa wengi wataiona kwenye simu. Mkao na mavazi yawe ya kitabu, uso uwe wa mwanasiasa, na kiwepo kitu kimoja cha leo, kama simu, kipaza sauti au mkoba wa kazini. Vikiwa vitatu, ndoto inakatika.

Na usiharakishe kushika penseli. Tenniel alifanya kazi katika Punch, jarida la vichekesho la Uingereza, kwa karibu miaka 50. Mada ya katuni kubwa ilikubaliwa mezani, kwenye chakula cha Jumatano usiku alichokula pamoja na wenzake wa jaridani. Alhamisi aliitumia kuifikiria na kuchora rasimu, na Ijumaa ndipo aliinamia mbao siku nzima. Siku ya katikati ndiyo ninayokuomba uige.

Kuhusu wizi: kwa wakongwe hawa, hapana. Gillray alifariki mwaka 1815, Daumier 1879, Doré 1883, Tenniel 1914. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo kazi zao ni mali ya wote. Angalia tu usichanganye. E. H. Shepard, aliyemchora Winnie-the-Pooh, dubu wa kitabu cha watoto cha mwaka 1926, alifariki 1976, na kwenye nchi nyingi za miaka 70 michoro yake bado ina mwenyewe. Alice wa Tenniel ni huru, Alice wa filamu ya katuni ya mwaka 1951 si huru, kwa hiyo mfuate wa wino. Sheria za tashtiti hutofautiana nchi hadi nchi, muulize mhariri wako anayezijua za kwenu. Sheria ikiruhusu, adabu bado inadai: andika pembeni kwa herufi ndogo "kwa kumfuata Tenniel". Haikupunguzii kitu, na inampa msomaji njia ya kwenda kutazama ya kwanza.

Lipo jambo zito kuliko hakimiliki. Mei 1882, baada ya maafisa wawili wakubwa wa serikali ya Uingereza kuuawa Phoenix Park huko Dublin, Tenniel huyu huyu ninayemsifu alichora Frankenstein wa Ireland, kwa kufuata riwaya ya mtaalamu aliyeumba dude likamgeukia: Parnell, kiongozi wa siasa wa Waairishi, anajikunyata, na mbele yake limesimama dude alilodaiwa kuliumba, lina uso wa nyani, limeshika kisu kinachodondosha damu. Kwa kazi ya kuazima fasihi ni picha iliyopangwa kwa ustadi mkubwa. Ni picha mbaya pia, kwa sababu dude lile lilipewa sura ambayo wachoraji wa Uingereza walikuwa wamezoea kuwapa Waairishi wote, na riwaya maarufu ikatumika kuupa ubaguzi heshima ya kitabu. Mchore mwenye madaraka kwa jina lake na tendo lake. Ukiona mhusika wa hadithi ameanza kufanana na kabila, dini au taifa zima, chana karatasi.

Turudi kwa waziri wako. Usikitupe kitabu, kisome mbele zaidi. Sancho Panza, mtumishi wa Don Quixote, alimfuata bwana wake kwa sababu aliahidiwa kisiwa akitawale. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1615, mtawala mmoja na mkewe wenye fedha na muda wa kuchezea wanampa "kisiwa" cha uongo ili wapate kumcheka. Sancho anaketishwa kwenye meza iliyojaa vyakula. Pembeni amesimama daktari mwenye fimbo, na kila Sancho anapotaka kuonja, daktari anagusa sahani kwa fimbo, inaondolewa. Ati ni kwa ajili ya afya yake.

Waziri wako ni daktari huyo. Mradi ndiyo meza. Mwananchi amefungwa kitambaa shingoni, uma uko mkononi, sahani inampita puani. Watumishi wanaoziondoa sahani wachore migongo tu, wakielekea mlango mmoja. Fimbo iwe ndiyo mstari mweusi kuliko yote katika picha. Ukimaliza, mwonyeshe mtu asiyewahi kusikia habari za Sancho, umuulize nani amekula. Akinyoosha kidole mlangoni, ipeleke kwa mhariri.